Mrututu Uliopoteza Maji

Kitengela, usiku wa kuamkia safari

Nasieku mwanangu,

Sanduku lako liko karibu na mlango, na fundo la kamba iliyolifunga si langu. Ulimwita kijana wa jirani aje akufungie, nami nilikuwa nimeketi hapo hapo, gazeti mkononi, nikijifanya kusoma. Nimelielewa fundo hilo. Tangu Jumapili, nilipokuambia mbele ya mgeni kwamba ukienda Illasit kwa mama yako umeenda, na kwamba usihesabu tena kuwa na chumba katika nyumba hii, umenijibu kila jambo kwa "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba," kwa sauti ya mwanafunzi anayeitika jina lake asubuhi.

Kesho utapanda gari la Loitokitok. Mama yako atakupokea, na jioni utalala kwa Koko, bibi yako. Sitakuandikia habari za sare, wala za neti ya mbu, wala nani wa kumwona katika shule mpya. Mama yako anayajua hayo kuliko mimi. Nataka kuandika juu ya swali la kemia lililotugombanisha. Huenda ulidhani limekwisha nilipolifunga daftari lako. Lilikuwa limeanza kabla hujajua kutembea, na halijaisha hadi sasa.

Nalirudia swali lenyewe, maana mimi nililiona vizuri kuliko nilivyokuona wewe. Jiwe jekundu lina chuma asilimia sabini na oksijeni asilimia thelathini. Tafuta fomula sahili, yaani uwiano mdogo kabisa wa atomu zake. Uligawanya sabini kwa hamsini na sita, ukagawanya thelathini kwa kumi na sita, kisha ukagawanya majibu yote mawili kwa lile dogo. Kazi safi, mistari imenyooka. Ukapata uwiano wa moja kwa moja na nusu. Hapo ukaitazama ile nusu, ukaona haipendezi, kwa kuwa atomu haziji vipande vipande, ukaisukuma ikawa mbili. Chuma moja, oksijeni mbili. Ukapiga mstari chini ya jibu.

Mwalimu Kilonzo, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa anakunywa chai.

"Hii mbili umeitoa wapi?" nikakuuliza.

"Nimekaribisha tu, Baba. Moja nukta tano si ni kama mbili?"

"Ni kama mbili kwa mtu mvivu."

"Mwache mtoto, Mutua," Kilonzo akasema. "Hata wewe ulianza hapo."

"Mimi sikuanza hapo."

Ukaniangalia usoni, jambo ambalo hufanyi mara nyingi. "Mama aliniambia mahali ulianzia."

Basi nikasimama na kusema yale niliyosema. Kilonzo akaacha chai yake nusu kikombe, akaaga. Ningependa kuandika kwamba niliteleza ulimi. Mimi sitelezi ulimi, Nasieku. Nimebishana na watu maisha yangu yote, na maneno yangu huyapima kabla ya kuyatoa. Yale niliyapima, nikaona yana uzito wa kutosha kukuumiza, nikayatoa.

Mama yako amekusimulia habari za kondoo wa Koko, na najua hakukuficha lolote. Hakuna siri hapo. Hata watoto wa shangazi yako hunitania nikikataa nyama. Mimi nami nimekuwa na simulizi langu la habari hiyo hiyo, lenye hesabu na hoja, na umelisikia mezani tangu ukiwa mdogo. Usiku huu nitakupa yote mawili pamoja, kwa sababu sijawahi kuyaweka pamoja hata mbele yangu mwenyewe.

Nilipofika Kajiado miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu mpya mwenye shahada ambayo wino wake haujakauka. Nilikuwa nimesoma kila kitabu kilichoniangukia mikononi, historia za dola zilizokufa, falsafa, siasa, maisha ya wanasayansi, na niliamini kwamba mtu aliyesoma hivyo hana haki ya kunyamaza. Nilibishana na mwalimu mkuu juu ya ratiba, na mchungaji juu ya Mwanzo, na mwenye bucha juu ya mizani yake. Mara nyingi nilishinda. Nilikuwa Mkamba peke yangu katika shule iliyozungukwa na maboma ya Wamaasai, na sikuona kwamba hilo linanitaka nisikilize zaidi. Niliona linanitaka nieleze zaidi.

Mama yako alikuwa karani katika ofisi ya maji mjini. Alinipenda, nadhani, kwa sababu ya ule ubishi. Alisema hajawahi kuona mtu anayekasirikia vitabu kama ng'ombe waliopotea. Nilipomposa nilifanya yote kama nilivyoelekezwa na wazee wao, na miongoni mwa hayo nilimpelekea mama yake kondoo jike. Unajua desturi ya huko: mkwe na mama mkwe wakishaunganishwa na kondoo huyo, huacha kuitana kwa majina. Tangu siku ile Koko aliniita Paker, nami nikamwita Paker, yaani sisi tuliopeana kondoo. Nilikuwa na jina langu la ubatizo, la ukoo na la shahada, lakini hilo ndilo jina pekee nililopewa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunisifu. Sikulithamini. Nilidhani ni adabu tu, kama kusema hodi.

Yule jike alizaa, na watoto wake wakazaa. Kundi la Koko lilikuwa lake mwenyewe, mbali na ng'ombe wa babu yako Lemayian. Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilichelewa sana zikaja zote pamoja. Nyasi ziliota, na minyoo nayo. Kondoo wakaanza kulegea na kuvimba chini ya taya. Dawa zilikuwa zimeadimika katika maduka ya mifugo. Nami, katika kitabu kikuukuu cha kilimo cha maktaba ya shule, nikasoma kwamba mrututu ukiyeyushwa katika maji huua minyoo ya tumbo.

Mrututu unaujua, zile fuwele za buluu tunazozitumia maabara. Nilinunua, nikausaga, nikaupima kwa mizani ya shule, nikakokotoa kiasi cha shaba kinachomtosha kondoo, nikakigeuza kuwa kijiko kimoja kilichosawazishwa juu katika chupa ya maji. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi leo. Kondoo wakapona. Uvimbe ukashuka, wakaanza kula. Koko akasema maneno ya Kimaa ambayo mama yako aliyatafsiri kwa ufupi: "Anasema ameshukuru kondoo kumleta mtu kama huyu." Nilitembea kurudi shuleni nikiwa nimevimba mimi sasa.

Fuwele za buluu zikaisha. Lakini shuleni nilikuwa na mkebe wa mrututu mwingine, ambao nilikuwa nimeukausha na kidato cha tatu, darasa unaloingia wewe. Hatukuwa na gesi, kwa hiyo tuliupasha katika karai juu ya makaa hadi buluu ikatoweka ukabaki unga mweupe. Somo lilikuwa asilimia ya maji katika fuwele. Nakumbuka ubao wenyewe. Uzito wa fuwele nzima, mia mbili na hamsini. Maji yake, tisini. Yakitoka, hubaki mia moja na sitini. Shaba ni sitini na nne pale na sitini na nne hapa. Kwa hiyo katika fuwele za buluu shaba ni kama robo tu ya uzito, na katika unga mweupe ni asilimia arobaini kamili. Niliwauliza wanafunzi: shaba imeongezeka? Wakajibu kwa pamoja: hapana, mwalimu, kilichopungua ni maji. Nikawasifu.

Nikauchukua ule mkebe nikaupeleka bomani, na kijiko nikakiacha kile kile.

Usiniulize ilikuwaje. Najiuliza mwenyewe, nami ni mtu wa kutafuta sababu. Jibu la karibu nililonalo ni kwamba hesabu ya ubaoni ilikuwa ya kuwafundisha wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kunijia mimi, ikiwa imevaa vumbi, mbele ya zizi.

Koko aliutazama ule unga. Haikuwa heshima kwake kukabiliana nami na kuhojiana, na Kimaa changu kilikuwa cha salamu, kwa hiyo maneno yetu yote yalipita kwa mama yako, aliyesimama kati yetu, wewe ukiwa mgongoni mwake.

"Mama anauliza," mama yako akasema, "hii mbona ni nyeupe? Ile ingine ilikuwa ya buluu."

"Mwambie ni kitu kile kile. Kilichotoka ni maji tu."

Akamwambia. Koko akasema neno.

"Anasema kama si kile kile je?"

"Mwambie atie maji aone."

Koko akatia maji katika chupa. Na unga mweupe ukigusana na maji, Nasieku, hurudi buluu papo hapo, buluu ya kupendeza kuliko hata ya kwanza. Koko akainua chupa juani akaigeuza geuza. Wakacheka wote wawili, na mimi nikajiona mtu mkubwa. Swali lake lilikuwa zuri. Nililijibu kwa kiinimacho, na kiinimacho chenyewe kilikuwa kweli: kilikuwa kitu kile kile. Ila katika kila kijiko sasa kulikuwa na shaba zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya mwanzo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeipenda kazi yangu, nikaagiza wapewe mara kwa mara zaidi ya zamani.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo sikulijua kuhusu kondoo, na kitabu changu hakikulisema: shaba hujikusanya ndani ya ini, kimya, mnyama akila na kucheza kama kawaida. Majuma yalipita. Mvua zikakatika, kisima kikakauka, kundi likaswagwa mbali kutafuta maji. Katika safari hiyo miili yao ikachoka, na maini yakaachilia yote kwa mara moja. Macho yaligeuka manjano. Mkojo ulikuwa kama strungi, chai isiyotiwa maziwa. Walikuwa wakilala chini mmoja mmoja, na mbuzi, ambao hatukuwapa dawa, wakipita katikati yao wakila. Wa kwanza kulala walikuwa kizazi cha yule jike wangu, kwa sababu Koko alikuwa akiwatunza zaidi na hivyo hakuwakosesha dawa hata mara moja.

Afisa wa mifugo alimpasua mmoja, akatazama figo nyeusi, akauliza swali moja tu. "Mmewapa mrututu?"

Mama yako ndiye aliyejibu. "Ndiyo. Mimi ndiye nilimwambia mama iko sawa."

Tazama hapo, mwanangu. Mimi sikuwahi kumwambia Koko lolote. Kila nililosema lilitoka kinywani mwa binti yake. Kwa masikio ya Koko, na kwa masikio ya boma zima, aliyesema "ni kitu kile kile" alikuwa Naserian, mama yako. Desturi iliyowekwa ili mkwe na mama mkwe wasivunjiane heshima ilinipa mimi mahali pa kujificha, ingawa sikuwa nimeomba, na ikamwacha yeye wazi.

Tuliitwa kwenye kikao. Babu yako alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo. Wazee walikaa kwenye vigoda kando ya ua wa miiba, nami nikapewa nafasi ya kusema. Nadhani walitaka sentensi moja kutoka kwangu, hata sentensi mbovu. Niliwapa mhadhara. Nilichukua kijiti nikaandika mchangani sitini na nne juu ya mia mbili na hamsini, sitini na nne juu ya mia moja na sitini. Nilikubali kwamba kijiko kilibeba zaidi, kisha nikaeleza kwamba hata hicho hakikufikia kiasi ambacho vitabu vinasema huua kondoo kwa mara moja. Nikaeleza kwamba safari ndiyo iliyowaangusha. Nikaeleza kwamba bila dawa wangekufa kwa minyoo mapema zaidi. Kila sentensi ilikuwa kweli. Bado naweza kuitetea kila moja, na unajua nimefanya hivyo, mbele yako, mara nyingi, sahani zikipoa.

Mama yako alikuwa akitafsiri. Mwanzoni alitafsiri yote. Baadaye akawa anafupisha. Kisha nikagundua kwamba nimesema maneno mengi na hakuna sauti inayofuata.

Lemayian akauliza kwa Kiswahili, polepole, "Mwalimu amemaliza?"

"Hajamaliza," mama yako akasema. "Mimi ndiye nimemaliza."

Akakuhamisha kutoka mgongoni hadi kifuani, akaenda kuketi kando ya mama yake. Nikabaki na kijiti changu na namba zangu mchangani. Koko akasema jambo kwa Kimaa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na wa kunitafsiria, lakini neno moja nililitambua. Aliniita Mwalimu.

Sasa utanipinga, na nitafurahi ukinipinga. Utasema kondoo si kitu kikubwa hivyo, watu hupoteza mifugo kila kiangazi. Kweli. Lakini Lemayian alikuwa akiuza ng'ombe wake kidogo kidogo kwa sababu ya ukame, na kundi lile ndilo lililokuwa limebaki la kuwategemeza. Mwaka uliofuata wakakubali shamba kwa ndugu yao huko Illasit, chini ya mlima, wakaenda kulima maharage na nyanya, mikono iliyokuwa haijawahi kushika jembe. Babu yako hakuipenda kazi ile hata siku moja. Alifia huko.

Mama yako akaenda kuwasaidia kutulia. Akarudi. Akaenda tena. Wakati huo nilikuwa nimehamia Kitengela, nikipandisha nyumba hii tofali kwa tofali, lori za saruji zikipita mbele ya lango na kutuachia vumbi lao. Majirani walikuwa wakiniuliza, "Mama Nasieku yuko?" Alikuwa yuko, kisha hayuko. Ulikuwa unaanza shule. Nikachoshwa na jambo lisilo na umbo.

"Naserian, wewe ni wa hapa au ni wa huko?" nikamuuliza.

"Niko huko sababu wazee wako peke yao. Niko hapa sababu wewe na mtoto mko hapa. Sasa unataka nikatwe?"

"Nataka jibu moja."

"Mutua, wewe ukipewa jibu moja utaliuliza swali lingine."

"Jibu moja."

Akakunja tena nguo zako ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Basi sema wewe. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nami nikasema. Nilisema yeye ni wa huko. Niliona nusu, haikunipendeza, nikaisukuma ikawa namba nzima. Ndivyo ulivyokuja kulelewa na baba na msaidizi, na kumwona mama yako wakati wa likizo. Nilikuita mvivu Jumapili kwa kosa la kalamu ambalo mimi nililifanya kwa mke wa mtu, na mke huyo ni wangu.

Sikukuonyesha njia sahihi ile siku kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kushinda. Nakuonyesha sasa. Ukipata moja kwa moja na nusu, hujakosea. Nusu inakuambia tu kwamba ulianza na kipimo kidogo mno. Iache kama ilivyo, kisha zidisha pande zote mbili kwa mbili. Chuma mbili, oksijeni tatu. Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichoongezwa kwa uongo. Jiwe ni lile lile jekundu linalotapakaa barabara ya Isinya. Tumelipatia nafasi ya kutosha tu. Tungeweza kuwa na nyumba mbili, Nasieku. Watu wengi hapa Kitengela wana nyumba mbili, huku na kwao, na hakuna anayewaita nusu watu. Nilikuwa naifundisha njia hiyo kila mwaka, muhula wa pili, na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Jambo jingine ni dogo, nalo ni la utaratibu wa maabara, na huko mtalifanya kwa vitendo kama shule ina mizani. Unapokausha fuwele, hupimi mara moja ukaridhika. Unapasha, unapoza, unapima. Unapasha tena, unapoza tena, unapima tena. Unarudia hadi uzito uache kubadilika, ndipo unapoandika. Wanafunzi wengi huona kupoza ni kupoteza wakati. Wanaweka chombo kikiwa moto juu ya mizani, hewa iliyopashwa inapanda na kukiinua kidogo, na mizani inasema kitu ni chepesi kuliko kilivyo. Nimepima karibu kila kitu maishani mwangu kikiwa moto. Niliupima ukimya wa mama yako kikaoni siku ile ile, nikaandika: dharau. Niliupima uamuzi wako wa kuhamia Illasit siku ile ile uliponiambia, nikaandika: ananikimbia. Huenda ni kweli unanikimbia. Ila sikungoja kujua.

Nilikwenda Illasit kwa mazishi ya babu yako. Ulikuwa na umri wa kukumbuka mvua ile na matope. Pengine hukumbuki kwamba nilikuwa na kondoo jike mchanga, nimemfunga nyuma ya pikapu ya Kilonzo. Nilikuwa nimemchagua kwa uangalifu. Sikusema ni wa nini, nilidhani ataeleweka. Koko alitoka, akamtazama, akasema kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza sokoni kwa kuuza nyanya, "Asante, Mwalimu. Waombolezaji ni wengi." Vijana wakamchukua. Jioni tukala nyama, nami nilikula, kwa kuwa kutokula kungekuwa kuendeleza mabishano. Alikuwa na haki. Nilileta kondoo kama mtu anayerudisha kitabu alichokiazima, nikitaka kuandikiwa kwamba nimerudisha.

Nakuambia haya ili usidhani ninakutuma. Sikutumi. Usiende kunitetea kwa Koko, wala kwa mama yako, wala usijaribu kutuunganisha kwa ujanja wa watoto wanaosoma hadithi. Nimekwisha kumtumia mtu mmoja wa damu yako kubeba maneno yangu kuvuka zizi, na nimekuonyesha yalivyomwacha. Kama Koko ataniita Mwalimu hadi mmoja wetu aondoke, basi hilo ndilo jina langu kwake, na nimelichuma mwenyewe.

Wala sitakuomba urudi likizo ya Aprili. Jumapili nilikunyima ruhusa ya kurudi, na leo nikikuomba urudi nitakuwa nimekuamulia mara mbili ndani ya juma moja. Nilichosema juu ya chumba nakifuta. Nimekitoa kile kitanda kilichovunjika mguu nikamwita fundi, na ufunguo nimeuweka katika mfuko mdogo wa sanduku, ule ambao haukufungwa kwa kamba. Mwenye kutafuta nyumba za kupanga akipita langoni nitamwambia hakuna nafasi. Inawezekana chumba kitakaa hivyo miaka, kimejaa vumbi la saruji, nami nikipita mlangoni kwenda kulala. Nimelifikiria hilo usiku huu na linaniogopesha, lakini halibadilishi ufunguo ni wa nani.

Mama yako hakunitukana mbele yako, najua, kwa sababu ungelirudia neno lenyewe Jumapili ile, ukiwa na hasira vile. Ulisema tu kwamba alikuambia mahali nilianzia. Ukifika, mwambie nimekuandikia mahali niliposimama. Hilo tu, na akibadilisha mazungumzo, mwache ayabadilishe.

Koko atatoka kukupokea, amezeeka zaidi ya ulivyomwacha. Utainamisha kichwa akiguse kama unavyofanya siku zote. Atakuuliza habari za nyumbani, na hapo utasita, najua, ukitafuta uniite nani. Usimpe salamu za Mwalimu. Na lile jina lingine, la kondoo, usiliguse, si lako kulirudisha wala si langu kuliomba. Mwambie, "Baba yangu anakusalimu," kisha unyamaze.

Asubuhi sitasema mengi. Nitalibeba sanduku hadi stendi na sitalifungua fundo la yule kijana, limeshika vizuri. Barua hii utaipata mkononi gari likiwa limeanza kunguruma. Naomba usinijibu ukiwa bado njiani, wala juma la kwanza, wala la pili. Iache ipoe. Ipime, uiache tena, uipime tena. Uzito utakaokuja kuuona usiobadilika, hata ukiwa mdogo, huo niandikie, nami sitaubishia.

Baba yako,
Mutua